Oakhurst: Uwanja wa Gofu Uliohifadhiwa na Malisho

Uwanja wa gofu wa Oakhurst, wenye mashimo tisa, uko mashambani katika kaunti ya Greenbrier, upande wa mashariki wa jimbo la West Virginia nchini Marekani, mwendo mfupi kutoka mji mdogo wa White Sulphur Springs. Ulitengenezwa mwaka 1884 na majirani watano katika shamba la mmoja wao, ukachezewa kwa kipindi kisichofika miaka thelathini, ukaachwa ukageuka malisho ya mifugo, kisha ukafufuliwa mwaka 1994 ili uchezewe kwa zana na taratibu za karne ya 19. Wanaoandika juu yake huutaja zaidi kwa sababu ya dai kwamba ni miongoni mwa viwanja vya kwanza vya gofu katika nchi hiyo, na dai hilo lina uzito wake; hata hivyo, jambo kubwa zaidi katika historia ya Oakhurst ni kwamba umbo lake la kwanza liliweza kupatikana tena kwa sababu uliachwa mapema, kabla ya mabadiliko ya mpira na ya fimbo kuwalazimisha wenye viwanja kuchimba, kurefusha na kuhamisha mashimo yao. Viwanja vingi vilivyofanikiwa vilibadilishwa mara kwa mara hadi sura yao ya awali ikapotea, ilhali huu uliokoma ulilindwa na nyasi.

Eneo lenyewe ni bonde la milima ya Allegheny, ambayo ni sehemu ya safu ndefu ya Appalachia inayopita mashariki mwa Marekani. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 watu walifika hapo kwa ajili ya chemchemi ya maji yenye salfa, ambayo iliaminiwa kutibu maradhi ya viungo na ya tumbo, na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 mahali hapo palikuwa kimbilio la kiangazi la matajiri wa majimbo ya kusini, ambao wengi wao walimiliki watumwa na walikuja nao kuwahudumia. Mwaka 1858 ilifunguliwa hoteli kubwa ambayo wageni waliizoea kwa jina la Old White. Mwaka 1863, katikati ya vita, West Virginia ilijitenga na Virginia na kuwa jimbo kamili, na mwaka 1869 reli ya kampuni ya Chesapeake and Ohio ikafika White Sulphur Springs, jambo lililofanya safari ya kutoka miji ya pwani ya mashariki, ambayo awali ilikuwa ya magari ya farasi, iwe rahisi kwa kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana. Pasipo reli hiyo, ni vigumu kueleza jinsi watu waliotoka Massachusetts na Uskoti walivyokuja kuwa majirani katika bonde la milimani.

Mwenye shamba la Oakhurst alikuwa Russell Montague, mwanasheria wa Massachusetts aliyesoma Harvard na ambaye alihamia milimani kwa ajili ya afya yake, kwa kuwa madaktari wa wakati huo waliamini kwamba hewa ya juu na maisha ya shamba huponya kile ambacho dawa zilishindwa kukiponya. Karibu naye waliishi Waskoti waliokuwa wamenunua ardhi katika kaunti hiyo, nao ni George Grant na wawili wenye jina la MacLeod, Alexander na Roderick. Kilichowasukuma kutengeneza uwanja ni ujio wa Lionel Torrin, jamaa yake Grant, mkulima wa chai kutoka Asia Kusini na mpenzi mkubwa wa gofu, ambaye alitarajiwa kukaa nao na ambaye mwenyeji wake hakutaka akose mchezo aliouzoea. Kati ya mashamba yote ya majirani hao, la Montague ndilo lililoonekana kufaa, kwa kuwa lilikuwa na miteremko, vijito na malisho mapana, na hivyo Mmarekani pekee miongoni mwao akawa mwenye uwanja.

Kutajwa kwa mkulima wa chai katika habari hii si jambo la kupita hivi hivi. Katika karne ya 19 gofu ilitoka Uskoti kwa njia zilezile walizopita askari, makarani wa kampuni za biashara na wasimamizi wa mashamba makubwa, na klabu ya Calcutta, iliyoanzishwa mwaka 1829, ilikuwako zaidi ya nusu karne kabla ya Oakhurst. Msomaji wa Kenya anayeijua Kericho au Nandi Hills atawatambua watu wa aina hiyo mara moja, kwa kuwa viwanja vidogo vya nyanda hizo, vilivyokatwa kando ya mashamba ya chai, vilianzishwa na watu wa tabaka lilelile na kwa sababu zilezile: upweke wa shambani, wingi wa ardhi ambayo mgeni alijikuta ameimiliki, na hamu ya kuwa na desturi ya nyumbani mbali na nyumbani. Tofauti ni kwamba katika Afrika Mashariki desturi hiyo ilifungamana na utawala wa kikoloni na ikawafungia wenyeji mlango kwa miongo mingi, isipokuwa wale waliobeba mikoba ya fimbo, yaani makedi, ambao kutoka miongoni mwao walikuja kutokea wachezaji wa kulipwa wa Kenya na Uganda.

Gofu, kwa ufupi, ni mchezo wa kuupiga mpira mdogo kwa fimbo kutoka sehemu ya kuanzia hadi kwenye shimo lililo mbali, kwa mikwaju michache kadiri iwezekanavyo, na kila safari ya namna hiyo huitwa shimo moja. Idadi ya mashimo haikuwa na kanuni moja tangu mwanzo. Uwanja wa Leith karibu na Edinburgh ulikuwa na mashimo matano, ule wa Prestwick ulikuwa na 12, na ule wa St Andrews ulikuwa na mzunguko wa mashimo 22 hadi mwaka 1764, ulipopunguzwa kuwa 18, na hesabu hiyo ya 18 ilienea tu kadiri heshima ya St Andrews ilivyokua. Kwa hiyo uwanja wa mashimo tisa katika shamba la mwaka 1884 haukuwa nusu ya kitu kilichokosa kukamilika; ulikuwa mzunguko mzima uliotosha ardhi na watu waliokuwako, na aliyetaka mchezo mrefu zaidi aliuzunguka mara ya pili.

Urefu wa mashimo yote tisa ya Oakhurst ulikuwa karibu yadi 2,200, yaani takriban kilomita mbili, kiasi ambacho leo kingeonekana kidogo mno. Hapakuwa na mashine za kusogeza udongo, wala aliyezitaka, kwa sababu Waskoti wale walitoka katika utamaduni ambao uwanja hautengenezwi bali hupatikana: mtu huitazama ardhi ilivyolala, akachagua kilima cha kuanzia na bapa la kumalizia, na vilivyo katikati, iwe ni kijito, mti au njia ya ng'ombe, vikawa sehemu ya mchezo. Huko Uskoti viwanja vya kale vilikuwa kwenye nyanda za mchanga kando ya bahari, ambako sungura na kondoo walizifupisha nyasi na upepo ukachimba mashimo ya mchanga. Bonde la Greenbrier halina bahari, lakini lina udongo uliotokana na mawe ya chokaa, unaootesha nyasi nzuri za malisho, na lilikuwa na kondoo. Kondoo ndio waliokata nyasi. Eneo la nyasi fupi linalolizunguka shimo, ambalo wachezaji huliita grini, lilikuwa kipande kidogo cha ardhi iliyosawazishwa kidogo tu, na mpira uliopigwa juu yake uliruka na kuyumba kufuatana na hali ya ardhi.

Fimbo zenyewe zilikuwa na safari ya ajabu. Mipini yake ilikuwa ya hikori, mti mgumu unaopinda bila kuvunjika, ambao huota katika misitu ya mashariki mwa Marekani, ikiwemo ya West Virginia, na ambao watengenezaji wa Uskoti walianza kuuagiza katika karne ya 19 baada ya kuona kwamba unashinda miti ya kwao. Mbao hizo zilivuka Atlantiki zikiwa magogo, zikachongwa na kufungwa vichwa vya mbao au vya chuma, kisha baadhi yake zikavuka bahari tena zikirudi karibu na misitu zilikotoka. Kila fimbo ilikuwa na jina lake badala ya namba: kliki ilikuwa ya chuma chenye uso karibu wima, ya kuupeleka mpira mbali kwa chini, mashi iliuinua mpira kuelekea grini, na nibliki, yenye uso mdogo na mzito uliolala sana, iliutoa mpira katika nyasi ndefu au alama za magurudumu. Masimulizi yanayohusishwa na Oakhurst husema kwamba fimbo alizoleta Torrin zilizuiwa na maofisa wa forodha wa New York, ambao hawakuwahi kuona vitu vya namna hiyo na wakashuku kuwa ni silaha. Hata kama masimulizi hayo yamepambwa na vinywa vya wasimulizi, yanaeleza kwa usahihi jinsi mchezo huo ulivyokuwa mgeni katika bandari kubwa kuliko zote nchini.

Mpira uliotumika ulikuwa wa gutapacha, ambayo ni utomvu mkavu wa miti ya misitu ya Malaya na visiwa jirani. Utomvu huo hulainika ukitiwa katika maji ya moto na kuwa mgumu ukipoa, na kwa sifa hiyo ulitumika katika karne ya 19 kufunikia nyaya za simu za maandishi zilizolazwa chini ya bahari, pamoja na zile zilizoiunganisha Zanzibar na Aden kwa upande mmoja na Afrika Kusini kwa upande mwingine mwaka 1879. Kabla ya mwaka 1848 hivi mpira wa gofu ulikuwa wa ngozi iliyoshindiliwa manyoya, kazi ya fundi mmoja kwa siku nzima iliyotoa mipira michache tu na ya bei isiyofikiwa na mtu wa kawaida. Mpira wa gutapacha ulitengenezwa haraka: fundi alikata kipande cha utomvu, akakiloweka katika maji ya moto hadi kikalainika kama unga uliokandwa, akakiviringisha kwa viganja au kukibana katika kalibu ya chuma, akakitumbukiza katika maji baridi, kisha akaupaka rangi na kuuacha mpira ukomae kwa miezi kadhaa. Ilionekana mapema kwamba mpira mpya ulio laini haukuruka vizuri, na kwamba ule uliokwisha kuchubuliwa na fimbo uliruka mbali na kwa unyoofu zaidi. Ndipo mafundi wakaanza kuupigapiga kwa nyundo kali tangu mwanzo, wakiuchora mistari mwili mzima, na vijishimo vinavyoonekana katika mpira wa leo ni uzao wa ugunduzi huo. Udhaifu wake ulikuwa ugumu unaovunjika. Katika siku ya baridi mpira ungeweza kupasuka vipande ukiwa hewani, na kanuni za zamani zilimruhusu mchezaji kuendelea na mpira mwingine mahali kilipoangukia kipande kikubwa zaidi.

Kila shimo lilianza kwa mchanga. Katika sehemu ya kuanzia palikuwa na mchanga na maji. Mchezaji au msaidizi wake alitia maji kidogo, akabana mchanga kwa vidole vitatu au vinne kuwa kichuguu kisichozidi urefu wa kifundo cha kidole, akauweka mpira juu yake kwa uangalifu usiovunja kile alichokijenga, na pigo moja likaviondoa vyote. Kigingi kidogo cha mbao kilichochukua nafasi ya mchanga kilipewa hataza mwaka 1899, na mwenye hataza hiyo aliitwa George Grant. Lakini huyu hakuwa Mskoti wa Oakhurst. Alikuwa George Franklin Grant, daktari wa meno wa Boston, Mmarekani mweusi aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, na mtu wa kwanza wa asili ya Kiafrika kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hakukifanyia biashara kigingi chake, na kwa muda mrefu sifa ilikwenda kwa waliouza vigingi vya aina hiyo katika miaka ya 1920, hadi chama cha gofu cha Marekani kilipomtambua mwaka 1991. Kufanana kwa majina kumewachanganya baadhi ya wasomaji, na haki inadai kila mmoja wao atajwe kwa lililo lake.

Mashindano ya wakati huo yalikuwa hasa ya mtu na mtu, ambapo mwenye mikwaju michache katika shimo alilitwaa shimo hilo na mshindi wa mchezo alikuwa aliyetwaa mashimo mengi. Ilikuwapo pia kanuni iliyoitwa staimi, ambayo kwayo mpira wa mpinzani uliolala katika njia ya kuelekea shimoni haukuondolewa, na mchezaji alilazimika kuurusha wake juu ya ule au kuuzungusha pembeni. Kanuni hiyo ilifutwa na mamlaka za gofu mwaka 1952 tu. Kutoka Oakhurst imebaki medali ya mwaka 1888, yenye msalaba wa Mtakatifu Andrea, msimamizi wa Uskoti, na maneno ya kale ya wachezaji wa nchi hiyo yanayosifu pigo lifikalo mbali na kwa hakika. Medali hiyo ni ushahidi wenye thamani kuliko masimulizi yote, kwa sababu inathibitisha kwamba majirani wale hawakuwa watu waliopiga mpira shambani kwa kupitisha muda tu. Walikuwa na klabu, tuzo na utaratibu wa kuishindania.

Kuhusu nani alikuwa wa kwanza, hoja inahitaji kutenganishwa katika sehemu zake. Gofu yenyewe ilifika Marekani karibu karne nzima kabla ya Oakhurst, kwani klabu ilianzishwa Charleston, katika South Carolina, mwaka 1786, na nyingine ikafuata Savannah, ingawa zote mbili zilitoweka na hazikuacha uwanja unaojulikana ulivyokuwa. Klabu ya Foxburg katika Pennsylvania, ya mwaka 1887, ina uwanja wa mashimo tisa ambao haujaacha kuchezewa. Klabu ya St Andrew's ya Yonkers, karibu na New York, iliyoanzishwa na John Reid mwezi Novemba 1888, ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa klabu kongwe iliyodumu, na ilikuwa miongoni mwa klabu tano zilizounda chama cha gofu cha Marekani mwezi Desemba 1894. Oakhurst inazitangulia Foxburg na Yonkers kwa miaka, lakini haikudumu na haikushiriki kuunda chama chochote. Kila moja ina utangulizi wake, na mabishano ya kutafuta mshindi mmoja yameficha swali lenye manufaa zaidi, yaani kila moja ya sehemu hizi imehifadhi nini cha mchezo wa wakati wake.

Kwa upande huo klabu zilizofaulu hazina mengi ya kuonyesha. St Andrew's ilianza katika malisho ya ng'ombe, ikahamia kwenye bustani ya matofaa mwaka 1892, ikahama tena mwaka 1894 na tena mwaka 1897. Shinnecock Hills, iliyofungua uwanja wa mashimo 12 mwaka 1891 huko Long Island, inatumia leo uwanja uliokamilika mwaka 1931. Klabu ya Chicago, yenye sifa ya kuwa na mashimo 18 ya kwanza nchini, ilihamia Wheaton na uwanja wake ukajengwa upya katika miaka ya 1920. Mabadiliko hayo hayakutokana na ukosefu wa heshima kwa kale. Mwaka 1898 Coburn Haskell wa Ohio, akishirikiana na kiwanda cha raba cha mji wa Akron, alibuni mpira wa nyuzi za raba zilizovutwa na kuzungushwa kwa nguvu juu ya kiini, na mpira huo uliruka mbali kuliko wa gutapacha hata kwa mtu asiye hodari. Walter Travis aliutumia kushinda ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1901, na Sandy Herd akashinda nao ubingwa wa wazi wa Uingereza mwaka 1902. Baada ya hapo kila shimo lililopimwa kwa pigo la yadi 180 au 200 likawa fupi, mashimo ya mchanga yaliyowekwa kumtia mchezaji hofu yakawa nyuma yake, na viwanja vikaanza kurefushwa. Katika miaka ya 1920 mipini ya chuma ikaidhinishwa Marekani na baadaye Uingereza, na shughuli ya kurefusha ikaendelea.

Oakhurst haikuingia katika shughuli hiyo kwa sababu wachezaji wake walikwisha kutawanyika. Klabu ya majirani watano haina warithi: baadhi ya Waskoti waliondoka, hapakuwa na ada wala wanachama wapya, na kufikia mwaka 1910 hivi ardhi ilikuwa imerudi kwa mifugo. Wakati huohuo hoteli ya chemchemi, ambayo kampuni ya reli iliinunua mwaka 1910, ilijenga jengo jipya lililoitwa Greenbrier, na mwaka 1914 ikafungua uwanja wa mashimo 18 uliopangwa na Charles Blair Macdonald na kurithi jina la Old White. Mgeni aliyefika kwa treni akitaka gofu hakuwa na sababu ya kwenda shambani kwa Montague. Kilichofuata ni zaidi ya miaka 80 ambamo ardhi haikulimwa kwa kina wala kujengwa, na hapa bahati ilikuwa kubwa, kwa maana jembe la trekta au mtaa wa nyumba ungefuta kila kitu katika msimu mmoja. Kondoo na farasi hawachimbi. Bapa lililosawazishwa kwa koleo mwaka 1884 hubaki bapa chini ya majani, na kilima cha kuanzia hubaki kilima.

Aliyeinunua Oakhurst mwaka 1959 ni Lewis Keller, mchezaji wa gofu wa ridhaa na rafiki wa Sam Snead, bingwa aliyezaliwa mwaka 1912 huko Ashwood, upande wa pili wa milima katika Virginia, na ambaye alianza akiwa kedi kabla ya kufanya kazi katika Greenbrier na kufikisha ushindi wa mashindano 82 ya PGA Tour. Snead alimhimiza rafiki yake kulinunua shamba hilo, na Keller alifuga farasi humo kwa miongo mitatu akijua kwamba chini ya malisho yake kuna uwanja. Katika miaka ya 1990 alimshirikisha Bob Cupp, mbunifu wa viwanja, na wawili hao wakafanya kazi iliyofanana na ya wachimbuzi wa mambo ya kale kuliko ya wajenzi: walilinganisha kumbukumbu za familia ya Montague na picha za zamani, wakaisoma ardhi hatua kwa hatua, wakatafuta mahali ambapo usawa wa udongo haukuweza kuwa kazi ya mvua. Uwanja ulifunguliwa tena mwaka 1994.

Uamuzi wao wenye maana zaidi haukuhusu ardhi. Kama wangeruhusu fimbo na mpira wa kisasa, mashimo tisa yenye jumla ya kilomita mbili yangegeuka kichekesho, na shinikizo la kuyarefusha lingeanza mara moja. Kwa hiyo waliamua kwamba atakayecheza Oakhurst atatumia fimbo za mipini ya hikori na mipira ya gutapacha iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya kale, atauweka mpira juu ya kichuguu cha mchanga wenye maji, na nyasi zitakatwa na kondoo. Kwa njia hiyo uwanja haukulazimika kuufuata mpira. Mpira ndio uliorudishwa kwenye kipimo cha uwanja. Ni kweli kwamba urejeshaji wa namna hii haukosi ubunifu wa mrejeshaji, na mipaka ya grini iliyochorwa upya baada ya miaka 80 ni makadirio ya watu wenye nia njema. Lakini mchezaji aliyesimama hapo na mashi mkononi alikutana na umbali, mteremko na kijito kwa uwiano uleule waliokutana nao akina Torrin, na hakuna hati wala picha ambayo ingeweza kumpa maarifa hayo. Mwaka 1998 yalianza hapo mashindano ya kitaifa ya fimbo za hikori, ambayo yaliwapa watengenezaji wa zana za kale mahali pa kuzijaribu na yakasaidia kukuza jumuiya ya wachezaji wa aina hiyo Marekani.

Mwaka 2012 Oakhurst ilinunuliwa na wamiliki wa Greenbrier. Tarehe 23 Juni 2016 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyolipiga bonde zima, yakaua watu 23 katika jimbo la West Virginia, wengi wao katika kaunti ya Greenbrier, na kuharibu viwanja vya hoteli kiasi kwamba mashindano ya kulipwa yaliyokuwa yafanyike hapo mwaka huo yalifutwa na Old White ikalazimika kujengwa upya kwa sehemu kubwa. Suala lilelile la mpira kuushinda uwanja lilirudi mwezi Desemba 2023, pale mamlaka mbili zinazosimamia kanuni za gofu duniani, ya Marekani na ya St Andrews, zilipotangaza kwamba kipimo cha mpira kitabadilishwa ili usiruke mbali kama sasa, zikiwapangia wachezaji wa daraja la juu mwaka 2028 na wengine wote mwaka 2030, na sababu zilizotolewa zilikuwa gharama ya ardhi, maji na matunzo ya viwanja ambavyo haviwezi kuendelea kurefushwa kila kizazi.